Je, Wajua? Bibi Akisimama Mbele ya Hakimu

Alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, asubuhi ya Jumatatu, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, bahasha ya kaki mapajani. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijakaa sawasawa akaifungua. Kadi ya kliniki ya mtoto, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa. Risiti nne za michango ya shule. Picha ya mahafali ya chekechea, mtoto kavaa joho lililomzidi mikono. "Huyu nimempokea ana miezi mitano," akasema. "Sasa yuko darasa la pili, baba yake kaja na gari, anasema anamchukua. Hivi mwanangu, sisi mabibi tuna haki, au tuna mazoea tu?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nimelitafuta tangu siku ile, na njiani nikaokota mengine mengi, baadhi kutoka mbali kweli. Ndiyo haya.

Je, wajua kuwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya 2009, inamruhusu bibi kufungua maombi kwa jina lake mwenyewe? Kifungu cha 37 kinasema mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama akae naye, na babu na bibi wamo ndani ya neno "ndugu". Ila lisome tena lile neno "anayemlea". Sheria haikusema anayempenda, wala anayefanana naye pua. Anayemwogesha, anayemwamsha alfajiri, anayejua kuwa mtoto huyu hali mlenda hata umlazimishe vipi: huyo ndiye aliyeachiwa mlango wazi. Kupita mlangoni ni jambo moja, kushinda ni jingine, na hilo tutalifikia.

Je, wajua kuwa kukaa na mtoto na kumwona mtoto ni maombi mawili tofauti? Kifungu kinachofuata, cha 38, kinampa ndugu aliyekuwa akimlea mtoto nafasi ya kuomba apangiwe nyakati za kumwona. Wapo wanaong'ang'ania "mtoto wote au sina haja", wakasahau kuomba Jumamosi mbili kwa mwezi, ambazo huenda wangezipata bila jasho.

Je, wajua kuwa bibi aliyefiwa na mwanawe alikumbukwa na sheria tangu 1971? Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu limekaa mle miaka zaidi ya hamsini na sijasikia mtu akilitaja msibani. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 126, inasema mahakama inapoamua mtoto akae na nani inaweza kuweka masharti, na moja ya masharti hayo ni mtoto kwenda kuwatembelea watu wa familia ya mzazi aliyefariki au ya mzazi aliyenyimwa mtoto, au watu hao kuruhusiwa kuja kumwona, kwa nyakati ambazo mahakama itaona zinafaa. Fikiria maana yake. Kijana amefariki, mjane ameolewa Mwanza, mama wa marehemu yuko Lindi anahesabu Krismasi ya tatu hajamtia mjukuu machoni. Akisema "huyo mtoto ndiye aliyebaki wa mwanangu", watu humwona mzee mwenye majonzi tu. Sheria inamwona mtu mwenye ombi linalosikilizika.

Mtoto, kwa sheria hiyo ya 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijana wa kidato cha tatu mwenye ndevu tatu kidevuni bado yumo.

Je, wajua kuwa miaka saba si kengele? Akina baba wengi wa kwetu huihesabu miaka saba kama mkopo unaoiva: mtoto akitimiza tu, gari liko nje. Wanachokumbuka ni nusu ya kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa. Kinachosemwa pale ni kwamba inachukuliwa kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku ya keki ya saba mtoto anahamia kwa baba. Kifungu hichohicho kinaongeza kuwa, pakiwa na sababu za kipekee zinazofanya isifae mtoto kukabidhiwa kwa baba wala kwa mama, mahakama inaweza kumkabidhi kwa ndugu mwingine. Na hata katika kuitazama hiyo miaka saba, hakimu anatakiwa apime ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Bibi aliyekaa naye miaka saba yote anapaswa kuishika hoja hiyo kama anavyoishika kadi ya kliniki.

Na mila je? Zimo. Sheria ya Ndoa inamwambia hakimu azingatie desturi za jamii ya wahusika. Amezingatia, basi; juu yake kuna ustawi wa mtoto, na ustawi ndio wenye neno la mwisho. "Sikutolewa mahari, kwa hiyo mjukuu ni wa kwangu" na "mahari nilitoa ng'ombe wote, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wangu" ni maneno yenye nguvu kubwa kikaoni chini ya mwembe. Mbele ya hakimu ni maelezo tu kati ya maelezo mengine.

Je, wajua kuwa msimamizi wa mirathi hakabidhiwi watoto? Baada ya arobaini ukoo hukaa, humteua mtu, muhtasari unapelekwa mahakamani, mtu anarudi na barua yake ya usimamizi. Barua ile ni ya mali: nyumba, shamba, fedha za benki, madeni. Nimewaona baba wadogo wakiipunga kama hati ya kumiliki watoto. Mtoto si sehemu ya mirathi. Yeye ni mrithi, na anayetaka kukaa naye ana maombi yake ya kufungua, kwa njia yake.

Sasa tuondoke nchini kidogo, na kwenye karne yetu pia.

Je, wajua kuwa bibi mmoja wa Madina alimshinda Umar ibn al-Khattab? Kisa kimepokewa na Imam Malik katika Muwatta. Umar alikuwa na mke wa Kiansari, wakazaa mtoto, Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Quba akamkuta mwanawe anacheza uwanjani mwa msikiti. Akamshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama, wakaanza kuondoka. Bibi wa mtoto akawahi. Akamzuia Umar, yule Umar ambaye watu walimwogopa, wakavutana mpaka wakafika kwa Abubakar, ambaye ndiye aliyekuwa khalifa. Huyu anasema mwanangu, na huyu anasema mwanangu. Abubakar akamwamuru Umar amwachie bibi mtoto wake, na Malik anaeleza kwamba Umar hakujibu neno. Mara nyingi nimewaza ule uso wa mtoto juu ya mnyama, pengine akidhani anapelekwa matembezi.

Je, wajua kuwa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, bibi mzaa mama hutangulia hata baba katika kumlea mtoto mdogo? Malezi hayo huitwa hadhana. Wa kwanza ni mama. Akifariki au akipoteza sifa, anafuata mama yake mama, na mama wa huyo. Baba anakuja baada yao, kisha mabibi wa upande wake. Moja ya sababu zinazomwondolea mama hadhana ni kuolewa na mume asiye maharimu wa mtoto, na hapo ndipo utaelewa kwa nini nyumba nyingi za pwani mama akiolewa tena mtoto huvuka ua mmoja tu, akaingia kwa bibi. Mtoto akifikia umri wa kupambanua, takriban miaka saba, hupewa hiari ya kuchagua kati ya wazazi wake.

Babu mzaa baba naye ana lake. Baba akiwa hayupo duniani, babu huyo ndiye walii wa mjukuu na mwangalizi wa mali yake. Hivyo katika nyumba moja bibi wa upande huu anashika kijiko na babu wa upande ule anashika mfuko. Wakiwa hawasemezani, mtoto ndiye anayelipa.

Turudi jirani. Je, wajua kuwa Kenya ilibadilisha sheria yake ya watoto 2022, ikaifuta ya 2001? Sheria mpya inafuata Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Malezi yanaweza kutolewa kwa mtu asiye mzazi, akiwemo nyanya, kama ataonyesha sababu ya kuiridhisha mahakama. Nyanya huyohuyo akitaka kwenda mbali zaidi na kumuasili mjukuu wake, kuna habari njema. Muombaji wa kawaida hatakiwi awe ametimiza miaka 65. Jamaa wa mtoto hafungwi na kikomo hicho. Miaka 70 na fimbo mkononi, bado anaweza kuomba. Ila kuasili kunabadilisha uzazi wenyewe kisheria, binti yako anageuka dada wa mwanawe kwenye karatasi, na sioni haja ya kukimbilia huko pale ambapo amri ya malezi inatosha.

Afrika Kusini imekuwa na mkono mpana zaidi. Sheria yao ya Watoto Na. 38 ya 2005, kifungu cha 23, inampa nafasi mtu yeyote mwenye maslahi katika malezi, ustawi au makuzi ya mtoto. Hata jirani anaingia.

Uingereza ni kinyume chake: bibi hupiga hodi mara mbili. Chini ya Sheria ya Watoto ya 1989, kwa kawaida babu na bibi huomba kwanza ruhusa ya kuomba, na jaji hutazama uhusiano wao na mtoto na kama kesi yenyewe itamvuruga. Mjukuu akiwa ameishi nao mwaka mzima uliotangulia, hodi ya kwanza haihitajiki kwa ombi la kukaa naye.

Je, wajua kuwa Marekani bibi aliwahi kuhukumiwa kifungo kwa kosa la kuishi na mjukuu wake? Mji ni East Cleveland, jimbo la Ohio. Inez Moore aliishi na mwanawe mmoja na wajukuu wawili. Wajukuu hao hawakuwa wa tumbo moja. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, na mmoja wao alikuja kwa bibi akiwa mchanga baada ya kufiwa na mama yake. Mji ulikuwa na kanuni ya makazi iliyosema nyumba moja familia moja, na "familia" ikafafanuliwa kwa kipimo chembamba kiasi kwamba mjukuu wa pili alionekana amezidi. Bibi akaandikiwa barua kuwa mtoto yule anakaa pale kinyume cha sheria. Hakumtoa. Akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25.

Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya nchi yao, na 1977 majaji watano dhidi ya wanne wakaifuta kanuni hiyo, wakisema familia inayolindwa na katiba haiishii kwa baba, mama na watoto wao. Watano kwa wanne! Jaji mmoja angeamka vibaya siku ile, bibi angekwenda ndani. Ukisoma kesi hii ukiwa Buguruni au Kisauni, ambako nyumba moja ina wajukuu wa wana watano na mpangaji juu yake, unaisoma mara mbili kuhakikisha hujakosea.

Je, wajua kuwa nchi hiyohiyo, miaka 23 baadaye, ikawaambia babu na bibi wengine "mmezidi"? Kesi inaitwa Troxel dhidi ya Granville, na iliamuliwa tarehe 5 Juni 2000. Kijana wa jimbo la Washington alifariki 1993 akaacha mabinti wawili wadogo. Mama wa watoto hakuwakatalia wazazi wa marehemu. Alitaka tu wawaone mara moja kwa mwezi, kwa muda mfupi. Wao walitaka wikendi mbili kila mwezi, watoto walale, na wiki mbili za likizo ya kiangazi. Jaji wa chini akagawa katikati: wikendi moja, wiki moja, na saa nne katika siku ya kuzaliwa ya babu na saa nne katika ya bibi. Nimeipenda hiyo ya saa nne. Ni jaji gani aliyekaa akapiga hesabu ya keki?

Mahakama za juu za jimbo zikaipindua amri hiyo, na Mahakama Kuu ya nchi ikakubaliana nazo, majaji sita kwa watatu. Sheria ya Washington ilikuwa imempa mtu yeyote, wakati wowote, nafasi ya kuomba kumwona mtoto wa mtu, na jaji alikuwa ameweka maoni yake juu ya maoni ya mama bila kuonyesha kuwa mama huyo hafai. Mzazi anayemtunza mwanawe vizuri, walisema, uamuzi wake upewe uzito wake. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria ya namna fulani kuhusu babu na bibi kuwaona wajukuu, lakini tangu siku ile anayeomba ana mlima wa kupanda. Ukiwa na ndugu Minneapolis au Columbus anayedhani bibi huko ana haki kama mama, mtumie aya hii.

Ufaransa imelitazama jambo hili kwa upande wa pili kabisa, na nakiri nawaonea wivu. Mahakama yao ya juu ilisema tangu 1857 kwamba baba hawezi kuwafungia mlango babu na bibi bila sababu nzito. Sheria ya 1970 ikaliandika hilo. Kisha 2002 wakaligeuza sentensi: kifungu cha 371-4 cha Sheria yao ya Madai kikaanza kusema mtoto ana haki ya kuwa na uhusiano na mababu na mabibi zake, na siku hizi kitu pekee kinachoweza kuzuia ni maslahi ya mtoto mwenyewe. Mwenye haki akawa mjukuu. Bibi akifika mahakamani huko, ni kama amekuja kumsindikiza.

Ujerumani nao wanawapa babu, bibi, kaka na dada haki ya kuonana na mtoto, mradi inamfaa mtoto.

Je, wajua kuwa bibi wa Bulgaria alisababisha mahakama ya Umoja wa Ulaya ikae kufafanua neno moja? Mjukuu wake alikuwa akiishi Ugiriki na baba yake. Bibi akafungua kesi kwao Bulgaria. Swali likawa: sheria ya Umoja huo inaposema "haki ya kumwona mtoto", inamhusu bibi au wazazi tu? Tarehe 31 Mei 2018 jibu likatoka: bibi yumo. Kwa kuwa yumo, naye anafungwa na kanuni ileile ya wazazi, kwamba kesi inasikilizwa kwa kawaida kule mtoto anakoishi. Akatambuliwa, akaelekezwa Ugiriki.

Na sasa mabibi ninaowavulia kofia. Je, wajua kuwa kipimo cha vinasaba kiliwahi kutengenezwa kwa ombi la mabibi? Nchini Argentina jeshi lilishika madaraka Machi 1976. Watu walikamatwa usiku wasirudi, wakiwemo wanawake wajawazito waliojifungulia vizuizini. Watoto wao waligawiwa, wengine kwa familia za askari haohao. 1977 mabibi waliokuwa wakizunguka uwanja wa Plaza de Mayo jijini Buenos Aires wakaunda umoja wao wa kuwatafuta wajukuu. Wengi wao walikuwa wakimtafuta mtoto ambaye hawajapata kumwona hata mara moja, hawajui ni wa kike au wa kiume.

Kizuizi kilikuwa hiki: damu ya mtoto hulinganishwa na ya wazazi wake, na wazazi walikuwa wameuawa. Mabibi wakasafiri nje wakiuliza wanasayansi swali moja, je, damu yetu sisi yatosha? Mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Mary-Claire King, akaungana na wenzake wakapiga hesabu ya namna ya kumthibitisha mjukuu kwa damu ya bibi na babu, na 1984 msichana wa kwanza akatambuliwa kwa njia hiyo. 1987 Argentina ikaanzisha hazina ya taifa ya vinasaba, ili hata bibi akifariki damu yake iendelee kutafuta. Wamekwisha kupatikana zaidi ya 130. Mwenyekiti wao, Estela de Carlotto, alimpata wa kwake Agosti 2014, akiwa mwanamume mzima.

Na je, wajua hilo linatugusaje? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 una Ibara ya 8, inayolinda haki ya mtoto kubaki na utambulisho wake: jina, uraia, uhusiano wa kifamilia. Ibara hiyo ilisukumwa na Argentina, na nyuma ya Argentina walikuwa mabibi wale. Tanzania iliridhia Mkataba huo 1991. Ibara ya 5 ya Mkataba huohuo inataja familia pana kufuatana na desturi za mahali. Mjomba, shangazi, bibi: wote wamo.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, ulioanza kutumika Novemba 1999, una kitu ambacho ule wa Umoja wa Mataifa hauna: Ibara ya 31, wajibu wa mtoto mwenyewe. Awaheshimu wazazi na wazee wakati wote na kuwasaidia wakiwa na shida. Mjukuu akikataa kwenda dukani, mtajie namba ya ibara.

Haya, mambo ya benchi na bahasha. Je, wajua kuwa kesi ya malezi haisikilizwi kama ya wizi wa kuku? Mahakama ya Watoto hukaa faragha, bila umati, na sheria inataka mazungumzo yawe ya kuulizana kuliko ya kurushiana maneno. Afisa ustawi huandaa taarifa baada ya kufika nyumbani: mtoto analala wapi, anakula nini, shule iko umbali gani, nani humpeleka hospitali. Hapo ndipo kadi ya kliniki na risiti za shule huongea. Bibi anayesema "nimemlea kwa mikono yangu miwili" amesema kweli. Bibi mwenye bahasha amesema kweli yenye tarehe.

Je, wajua kuwa anayekaa na mtoto anaweza kudai matunzo hata kama si mzazi? Baba aliyeko mjini na mama aliyeko Oman kwenye kazi za ndani hawaondokewi na wajibu kwa sababu tu mtoto yuko kwa bibi kijijini. Bibi hujiona omba omba akipiga simu ya daftari na viatu. Kumbe ni madai halali.

Je, wajua kuwa kumnyakua mtoto kwa mtu anayemlea kihalali kunakatazwa na Sheria ya Mtoto? Katazo hilo linawabana wote. Baba mwenye gari, na pia bibi anayemficha mtoto kwa shangazi Korogwe baada ya mahakama kuamua vingine. Hili la pili huwa gumu kulisema mbele ya mabibi, lakini ukaidi wa namna hiyo hausahauliki hakimu akirudi kuliangalia faili.

Na wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wa kata na wilaya, na msaada kwa asiye na uwezo. Uliza ofisi ya ustawi hapohapo.

Je, wajua kuwa mtoto huulizwa? Maoni yake, akiyatoa kwa hiari yake, ni moja ya mambo ambayo sheria inataka yazingatiwe, pamoja na kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja na kutokatiza malezi aliyoyazoea. Watu wazima hulijua hili, ndiyo maana wiki moja kabla ya kesi mtoto hujaa pipi mfukoni. Wanaowasikiliza watoto nao wanazijua pipi.

Yule bibi niliyemkuta kwenye benchi hakufika kwa hakimu, angalau bado. Wiki iliyofuata baba alikuja ofisini, akakaa upande wa pili wa meza, na baada ya saa mbili na soda wakaandikishana: mtoto amalizie mwaka wa shule kwa bibi, likizo zote akae na baba, ada alipe baba. Afisa akawaonya kuwa karatasi ile ina nguvu ya ahadi tu mpaka mahakama iyapokee makubaliano yao na kuyafanya amri, akawapangia siku. Bibi akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, nyuma ya picha ya joho.

Wakiwa mlangoni baba akageuka. "Mama, kuna kitu hali?"

"Mlenda," bibi akasema. "Usimlazimishe."